Jeraha Lisilo na Karatasi: Nilivyoomba Kumbukumbu Zangu za Jeshi Zirekebishwe

Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliojiunga na Jeshi la Marekani wakiwa na grini kadi, kama nilivyojiunga mimi mwaka 2009, na ambao siku moja watakifungua cheti chao cha kuachishwa jeshi, ile fomu ya DD 214, wakute kwamba haina neno hata moja kuhusu siku waliyoumizwa vitani. Ninawaandikia pia wake na watoto wao, kwa sababu kazi ya kutafuta karatasi mara nyingi huwaangukia wao. Jambo ambalo ningependa lieleweke kabla ya yote ni hili: wanaoamua maombi ya kurekebisha cheti hicho ili kiongezwe Purple Heart, nishani anayopewa askari aliyejeruhiwa na adui, hawabishani nawe kama unaumwa. Wanachouliza ni nani alikuona siku ile, alikufanyia nini, na aliandika wapi. Mtu anayekwenda kwao na maumivu ya leo pekee atarudishwa, hata kama kila analolisema ni kweli.

Nilikuwa dereva wa malori katika kikosi cha uchukuzi. Katika kiangazi cha mwaka 2011 tulikuwa tukisafirisha mizigo katika barabara kuu nambari 1 ya Afghanistan, kipande kinachotoka Kabul na kupita mkoa wa Wardak kuelekea Ghazni, ambacho wakati ule kilikuwa kimejaa mabomu ya kutegwa chini ya makalavati. Bomu lililipuka chini ya gurudumu la mbele upande wa abiria. Gari lilijengwa kuhimili milipuko na ndiyo maana niko hai kuandika haya, lakini nilipoteza fahamu, na nilipozinduka mwenzangu aliyeketi kando yangu alikuwa akinivuta kwa mkanda wa fulana ya kujikinga huku midomo yake ikichezacheza bila sauti. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na mfupa uliovunjika. Kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alisema tumshukuru Mungu tumetoka salama.

Tabibu wa kikosi, ambaye tulimwita Doc kama matabibu wote wa jeshi la huku wanavyoitwa, alitukagua kando ya barabara na kisha tena katika zahanati ya kambi. Hakufanya hivyo kwa hiari yake tu. Tangu Juni 2010 Wizara ya Ulinzi ilikuwa imeagiza kwamba kila askari aliyekuwa umbali wa mita 50 kutoka kwenye mlipuko achunguzwe kichwa na apumzishwe kwa angalau saa 24, hata kama anadai hana neno. Kipimo chenyewe kina sehemu ambayo unatajiwa maneno matano uyarudie. Nilirudia mawili, na mengine nikaendelea kumjibu kwa Kiswahili bila kujitambua, kwa uzito kabisa, kana kwamba niko nyumbani Kitale ninamweleza daktari wa zamu. Nakumbuka alivyoinua uso kunitazama, akauinamia ubao wake wa kuandikia, akaandika. Nilichokumbuka ni mkono wake tu ukiandika, na kwa miaka mingi sikujua alichokiandika wala karatasi ile ilikwenda wapi.

Nilipumzishwa siku kadhaa katika hema lenye giza, kichwa kikigonga kama pampu ya kisima, kisha nikarudishwa barabarani. Sikulalamika. Sisi tulilelewa na watu wasiolalamika. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, akapigana Burma mwaka 1944, akarudi na mguu wenye kovu na bila karatasi yoyote iliyolitaja, na nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Lakini kuvumilia kuna gharama yake katika mfumo unaoendeshwa kwa maandishi. Kila ulipoumwa usiende zahanati, ulifuta ushahidi wako mwenyewe. Ninawasihi walio kazini leo: nendeni, hata kama mnaona haya, na mwombe nakala ya kile kilichoandikwa.

Niliachishwa jeshi kwa heshima mwaka 2013. Siku ya kuondoka, karani huweka DD 214 mbele yako uisome na kutia sahihi, na wewe akili yako iko kwenye gari lililokuja kukuchukua. Isome mstari kwa mstari. Kisanduku cha 13 ndicho kinachoorodhesha nishani, medali na beji. Kisanduku cha 18 kina maelezo ya ziada, pamoja na nchi ulikotumikia na tarehe zake. Kosa linalogunduliwa siku ile, ukiwa bado ndani ya kambi na wakubwa wako wako mlango wa pili, hurekebishwa upesi kuliko kosa linalogunduliwa baadaye ukiwa mji mwingine na kikosi chako kimetawanyika.

Nilianza kulifuatilia jambo hili mwaka 2019, nilipokuwa nikiomba kazi ya serikali ya shirikisho. Waombaji ambao ni askari wastaafu hupewa alama za upendeleo, na fomu inauliza, pamoja na mambo mengine, kama una nishani ya Purple Heart. Mwenzangu wa ofisini, mstaafu wa vita vya Iraq, alipousikia mkasa wangu akaniuliza kwa mshangao ni kwa nini sina. Nilimjibu kwamba Idara ya Masuala ya Maveterani, ambayo kila mtu huku huiita VA, ilikwisha kunikubalia jeraha la ubongo na inanilipa fidia kila mwezi, kwa hiyo mambo yangu yamekamilika. Akacheka, cheko la mtu aliyekwisha kupita njia hiyo.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. VA na Jeshi ni serikali moja lakini ni nyumba mbili zenye sheria tofauti. Sheria inaitaka VA ilegeze masharti ya ushahidi kwa mtu aliyepigana vitani: ukieleza namna ulivyoumia, na maelezo yako yakaoana na mazingira ya mapigano uliyokuwamo, wanaweza kuyakubali hata pasipo karatasi za wakati ule. Jeshi halina huruma ya aina hiyo linapotoa nishani. Barua ya VA inayosema una jeraha la ubongo lililotokana na utumishi inathibitisha kwamba una jeraha. Haithibitishi kwamba jeraha lilisababishwa na adui, wala kwamba ulitibiwa wakati ule. Nimewaona watu wakiituma barua hiyo peke yake, wakisubiri mwaka mzima, na kurudishiwa jibu la ukurasa mmoja.

Purple Heart ni nishani ya pekee kwa kuwa haipendekezwi na mkubwa wako kama zawadi ya ushujaa. Ni haki ya yeyote anayetimiza masharti. Asili yake ni beji aliyoianzisha George Washington mwaka 1782, ikasahauliwa, kisha ikarejeshwa mwaka 1932 katika umbo la sasa. Masharti ni matatu: jeraha lisababishwe na adui, lihitaji matibabu ya daktari, na matibabu hayo yawe yameandikwa katika kumbukumbu rasmi. Kwa miaka mingi mtikisiko wa ubongo ulikuwa ukipuuzwa kwa kuwa hauonekani, hadi mwaka 2011 masharti yalipofafanuliwa na kuwahusu pia walioumia tangu Septemba 11, 2001. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, mtikisiko unaostahili ni ule uliosababisha mtu kupoteza fahamu, au kuzuiwa kufanya kazi zake kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili zisizoisha. Msongo wa mawazo wa baada ya vita haustahili nishani hii, hata ukiwa mkali kiasi gani. Michubuko ya kawaida haistahili. Ajali ya gari isiyotokana na adui haistahili. Ninayataja haya kwa sababu nimekutana na askari mmoja, kijana mzuri, aliyekuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu usingizi wake uliopotea na hakuwa na sentensi hata moja kuhusu mlipuko wenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukusanya kumbukumbu, na nilijifunza kwamba hazikai mahali pamoja. Faili la utumishi, lenye amri za kutumwa, vyeo na nishani, huombwa kutoka Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa fomu inayoitwa SF 180 au kwa mtandao. Hicho ndicho kituo kilichoungua Julai 1973 na kupoteza mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, kwa hiyo ambaye baba mkwe wake alipigana Korea ajue kwamba huenda akahitaji kulijenga upya faili lote kwa vipande vya nje. Faili la matibabu ni jingine kabisa. Kwa sisi askari wa nchi kavu tulioondoka kati ya mwishoni mwa 1992 na mwisho wa 2013, faili hilo lilipelekwa VA, na huko ndiko linakoombwa. Kumbukumbu za kikosi chenyewe, yaani ripoti za matukio, orodha za misafara na madaftari ya zamu, ni kitu cha tatu, na ndizo ngumu kuliko zote kupata. Habari za kwamba vikosi vingi havikuzihifadhi ipasavyo kumbukumbu zao za Iraq na Afghanistan zilitoka hadharani mwaka 2012. Ombi langu liliangukia pia wakati mbaya, kwani Machi 2020 kituo cha St. Louis kilifungwa kwa shughuli nyingi kutokana na korona na maombi yakarundikana.

Mafaili yalipofika nilikaa nayo mezani jikoni usiku, mke wangu akisoma upande wake na mimi upande wangu. Amri ya kutumwa Afghanistan ilikuwapo. Chanjo zote zilikuwapo, hadi ya homa ya manjano niliyochomwa nikiwa Nairobi. Jino lililong'olewa lilikuwapo, na picha yake. Siku ya mlipuko haikuwapo. Kati ya karatasi ya mwezi uliotangulia na karatasi ya mwezi uliofuata hapakuwa na kitu, kana kwamba kiangazi kile sikuwa na mwili. Sikuzitegemea hasira nilizozipata usiku ule. Kichwa kinachoniuma kila wiki, ndoa iliyobeba uzito wake, na karatasi zinasema hapakutokea neno. Mke wangu, ambaye ni mtulivu kuliko mimi, aliniambia, "Baba Neema, karatasi haikukataa. Haipo tu. Itafutwe ilipo."

Nilianza kutafuta watu. Ombi la nishani ya kucheleweshwa hupelekwa kwanza kwa Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky, katika kitengo cha nishani, na wanataka mambo yanayoeleweka: maelezo yako ya ukurasa mmoja kuhusu tukio, DD 214, amri ya kutumwa, karatasi za matibabu za wakati ule, na taarifa za mashahidi wawili walioona kwa macho yao, ambao si wewe. Niliwapata wengi kwa Facebook. Wengine hawakujibu, na nimejifunza kutowalaumu. Mtu aliyefunga mlango wa vita ana haki ya kuuacha ufungwe. Aliyekuwa abiria wangu alijibu siku hiyo hiyo kutoka Alabama. Shahidi wa pili alikuwa Mkenya mwenzangu, mpiga bunduki wa gari lililotufuata, ambaye baadaye alirudi Nakuru akafungua duka la vipuri. Alidhani itambidi asafiri hadi ubalozini Nairobi kula kiapo. Haikuwa lazima: sheria ya shirikisho inaruhusu tamko la maandishi lisilogongwa muhuri wa wakili, hata likitiwa sahihi nje ya Marekani, mradi liwe na tarehe na maneno yanayosema kwamba mtoa tamko anathibitisha ukweli wake chini ya adhabu ya kusema uongo, kwa mujibu wa sheria za Marekani. Kwa aliye nje ya nchi maneno hayo ya mwisho ni ya lazima. Alitia sahihi juu ya kaunta ya duka, akapiga picha safi, na ya asili akaituma kwa posta.

Kuhusu taarifa za mashahidi nina la kusema. Usiwaandikie. Ya kwanza niliyotumiwa ilikuwa imejaa sifa zangu, jinsi nilivyokuwa askari hodari na rafiki mwema, na ilikuwa na sentensi mbili tu juu ya mlipuko. Sifa hazisaidii. Kinachosaidia ni shahidi kueleza alikuwa wapi, umbali gani, aliona nini kwa macho yake, alisikia nini kutoka kwa tabibu, na aliniona siku ngapi baadaye nikiwa sifanyi kazi. Asipokumbuka tarehe aseme hakumbuki tarehe. Taarifa mbili zinazofanana neno kwa neno hutia shaka kuliko taarifa mbili zinazopishana katika jambo dogo. Mwenzangu wa Nakuru aliandika kwamba gari lilikuwa la tatu katika msafara, yule wa Alabama akasema la nne, na hakuna aliyejali.

Jibu la Fort Knox lilikuwa hapana, na kwa haki nikiri kwamba kwa karatasi nilizokuwa nazo hapakuwa na jibu jingine. Walisema tukio linaaminika, ila hapana rekodi ya matibabu ya wakati ule. Barua yenyewe ilinieleza kwamba ninaweza kwenda kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi. Itunzeni barua ya namna hiyo. Bodi haipokei mtu aliyeruka ngazi. Lazima uonyeshe kwamba ulikwisha kuomba mahali pa kawaida ukakataliwa, na barua ya kukataliwa ndiyo tiketi ya kuingilia.

Karatasi iliyopotea ilipatikana mahali ambapo nisingepatafuta kamwe. Yule mwenzangu wa Alabama, kwa ajili ya kuikumbuka vizuri tarehe, aliomba faili lake mwenyewe la matibabu. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili za siku ile zilizoshikanishwa kwa pini, moja yake na moja isiyo yake. Tulichunguzwa pamoja, wakati mmoja, na tabibu mmoja. Karatasi zikabanwa pamoja na zikaingia faili la mmoja. Ya pili ilikuwa na jina la baba yangu mahali pa jina la ukoo, jambo ambalo Wakenya wenye majina matatu watalielewa bila maelezo, na tarakimu mbili za nambari yangu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Angeweza mtu kusema si yangu. Lakini chini, kwa mwandiko wa haraka wa Doc, yalikuwapo maneno yaliyosema kwamba mgonjwa alipoteza fahamu kwa muda usiozidi dakika mbili kwa ushuhuda wa abiria, kwamba alikumbuka maneno mawili kati ya matano, na kwamba anajibu kwa lugha ya kigeni. Kikosini kwetu ni mimi na yule wa Nakuru tu tuliokuwa na lugha hiyo ya kigeni, na yeye alikuwa juu ya gari jingine akiwa na bunduki mkononi. Nilipofunguliwa picha ya karatasi ile kwenye simu nililia kazini, mbele ya watu, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa aliyekosa karatasi zake ni huu: waombe walioumia pamoja nawe waagize mafaili yao. Huwezi kuliagiza faili la mwingine, na si halali, lakini yeye anaweza kulifungua lake na kuangalia. Na uagizapo lako, taja kila namna ambayo jina lako limewahi kuandikwa, pamoja na jina ulilokuwa nalo kabla ya kuwa raia kama ulilibadilisha wakati wa kuapishwa.

Kitu kingine kilichosaidia kilikuwa picha. Sajini wetu alikuwa na picha ya sherehe ndogo ya siku ya kuzaliwa ya mmoja wetu, keki ya kopo na watu sita wakicheka, na nyuma yao ubao mweupe wa zamu. Ukiikuza, jina langu linaonekana kwa wino mwekundu katika safu ya waliopumzishwa kwa amri ya tabibu, na tarehe ya juu ya ubao ni siku ya nne baada ya mlipuko. Tuliiambatanisha pamoja na tamko la sajini kueleza alipiga lini na safu ile ilikuwa na maana gani. Picha bila maelezo ya mpigaji ni pambo tu.

Maombi ya Bodi hufanywa kwa fomu ya DD 149. Hayana ada. Nilikwenda kwa wakili mmoja akanitajia maelfu ya dola, nikaondoka kwa adabu. Kisha nikaenda kwa mshauri wa maveterani wa kaunti yetu, ambaye hutoa huduma bure kama wanavyofanya washauri wa vyama vya maveterani kama Disabled American Veterans, na huyo mama ndiye aliyenifundisha kupanga faili. Kila kielelezo kikawa na herufi yake. Barua yangu ikawa ya kurasa mbili, na kila sentensi yenye madai ikataja herufi ya kielelezo. Gharama zangu zilikuwa nakala, posta, na saa za kazi nilizoomba ruhusa bila malipo. Kwa fedha si nyingi, kwa usingizi ni nyingi.

Fomu inauliza kwa nini umechelewa. Sheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa, lakini Bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Usikiache kisanduku hicho wazi wala usiandike kwamba hukujua sheria ukakomea hapo. Nilieleza nilivyogundua, lini, na nilichofanya tangu siku ile, na barua za kuomba mafaili zikawa ushahidi kwamba sikukaa kitako.

Jambo ambalo wachache hulifanya, na ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko ushauri wowote wa kulipia, ni kusoma maamuzi ya zamani. Maamuzi ya Bodi huwekwa hadharani majina yakiwa yamefutwa. Nilisoma mengi ya Purple Heart na mitikisiko ya ubongo, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Ukisoma hata machache utaona mwendo wao: wanaanza kwa kuamini kwamba Jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na ni juu yako kuonyesha, kwa ushahidi wenye uzito zaidi ya upande wa pili, kwamba pana kosa. Hapo ndipo nilipoona umuhimu wa ile amri ya Juni 2010. Niliambatanisha nakala yake na kusema kwamba uchunguzi wangu ulikuwa wa lazima kwa amri, kwamba karatasi inaonyesha ulifanyika, na kwamba makosa ya jina na nambari ni ya uandishi tu. Bodi iliomba maoni ya mshauri wa kitabibu, na nakala ikaletwa kwangu niijibu. Jibuni barua hizo hata kama maoni yanawapendelea.

Kisha kusubiri. Sheria imeweka ukomo wa miezi 18 kwa maombi kuamuliwa, na mtu ajipange kisaikolojia kwa muda huo wote badala ya kukagua barua pepe kila asubuhi kama nilivyokuwa nikifanya, hadi mke wangu akanipangia siku moja kwa wiki. Kuandika upya siku ile kulinirudishia ndoto ambazo zilikuwa zimepungua. Ningependa mtu angeniambia mapema nimjulishe mtaalamu wangu wa VA kwamba ninaanza safari hii. Nilimwambia nikiwa nimekwisha kuchoka, akaniongezea miadi, na ilisaidia.

Jopo la Bodi ni raia watatu, watumishi wa Jeshi wasio askari, na mara chache sana humwita mwombaji kujieleza ana kwa ana, mimi sikuitwa. Uamuzi ulikubali ombi lote. Baadaye ikaja fomu ya DD 215, ambayo ndiyo inayoirekebisha DD 214, ikisema kisanduku cha 13 kiongezwe Purple Heart. Nishani yenyewe ikafuata kwa posta. Mkuu wa kambi iliyo karibu na kwetu alikuwa tayari kunifanyia hafla. Nilikataa, wengine wangekubali, na yote mawili ni sawa.

DD 215 haijisambazi yenyewe. Nilipeleka nakala VA, nikahamishiwa kundi la tatu la kipaumbele katika huduma za afya. Kwa masomo, tangu Agosti 2018 mwenye Purple Heart ya baada ya Septemba 11, 2001, aliyeachishwa kwa heshima, hupata asilimia 100 ya mafao ya Post-9/11 GI Bill, mpango wa serikali wa kuwalipia maveterani masomo, bila kujali alitumikia muda gani, kwa hiyo wale ambao utumishi wao ulikuwa mfupi na wakapewa asilimia pungufu waombe hesabu ifanywe upya. Majimbo nayo yana mafao yao, kuanzia nambari za gari hadi misamaha ya kodi, na kila jimbo lina utaratibu wake. Wekeni DD 214 na DD 215 pamoja daima. Moja bila nyingine huleta maswali.

Kwa wajane na watoto: askari akifariki kabla ya kuomba, au akiwa hajiwezi, mwenzi wake, ndugu wa karibu au mwakilishi wake wa kisheria anaweza kuijaza DD 149 kwa niaba yake, akiambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano. Kama cheti cha ndoa ni cha Kenya, Uganda au Tanzania na hakikuandikwa kwa Kiingereza, kitafsiriwe na tafsiri iambatane na nakala ya asili. Na kama majina ya marehemu yanatofautiana kati ya cheti cha ndoa, cha uraia na cha jeshi, andikeni barua fupi inayoyaoanisha yote, muiweke juu kabisa ya faili, kabla ya kielelezo cha kwanza.